Bila LSD na ekstasi, muziki wa elektroniki ungekuwepo? Nipingeni kwa hoja

#1 KandaMbili
Wakuu, salama?

Juzi nimebishana na shemeji yangu mpaka saa nane usiku. Msimamo wangu ni huu na sirudi nyuma: muziki wa elektroniki wa kucheza, hausi, tekno, transi na ukoo wote ule, ni mtoto wa dawa za kulevya. Majina yenyewe yanasema. Asidi hausi, na asidi ni jina la mtaani la LSD. Transi ya saikedeliki, yaani ya dawa za maruweruwe. Kile kikatuni cha njano kinachotabasamu, nembo ya asidi hausi. Mtu na akili zake hawezi kukaa saa nane nzima anasikiliza du-du-du-du isiyo na kibwagizo. Waliotunga walikuwa wamelewa LSD, waliocheza walikuwa wamelewa ekstasi, ndiyo maana mimi nikisikiliza nikiwa mkavu naishia kuumwa kichwa.

Shemeji anasema nimekariri. Haya, nipingeni.

#2 Pilipili_Kichaa
Natandika mkeka hapa. Wataalamu waje.

#3 Fundi_Nyaya
Mleta mada, umeanza na asidi hausi, nami naanzia hapohapo maana ndipo unapoangukia.

Ile sauti ya asidi, ule mkwaruzo unaojinyonganyonga, haikutoka kwenye kichwa cha mlevi. Ilitoka kwenye kisanduku cha kampuni ya Roland cha rangi ya fedha kinachoitwa TB-303, kilichotoka Japani mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kumwigiza mpiga besi, ili mwenye gitaa aliye peke yake chumbani apate mtu wa kumsindikiza. Kikafeli vibaya. Hakikufanana na besi ya mtu yeyote aliye hai, na kukipangia noti ilikuwa adhabu. Mwaka 1984 wakaacha kukitengeneza, vikiwa vimetoka kama 10,000 tu, vikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya kutupa.

Chicago, vijana watatu waliojiita Phuture, yaani DJ Pierre, Spanky na Herb J, wakakipata kimoja. Wakakiwasha na kuanza kuzungusha vinobu huku mdundo ukiendelea, jambo ambalo mtengenezaji hakulikusudia. Kinobu cha filta (kinachochuja sauti) na kile cha resonansi (kinachoikoleza) ukivizungusha pamoja, sauti inaanza kulia, inapiga chafya, inaongea. Hiyo ndiyo "Acid Tracks", ikatolewa na Trax Records mwaka 1987. Ni mashine iliyoshindwa kazi yake ikaangukia kwa watu wenye subira. Kidonge kiko wapi hapo?

#4 KandaMbili
Heshima kwako Fundi, ila hujajibu. Jina "asidi" limetoka wapi, kwenye betri ya gari?

#5 Bi_Mkaguzi
Jina lina hadithi zaidi ya moja na kila mwenye hadithi anaapa.

Ya kwanza: kanda ilimfikia Ron Hardy, DJ wa klabu ya Music Box pale Chicago, kabla haijawa santuri. Wachezaji hawakujua wimbo unaitwaje, wakaubatiza wimbo wa asidi wa Ron Hardy, kwa kuwa ilisemekana mle ndani LSD ilikuwa inatembea. Ya pili: ni ule mkwaruzo tu, uliwakumbusha watu roki ya asidi ya miaka ya 60. Ya tatu ilizukia Uingereza, kwamba mitaani Chicago "asidi" maana yake kuiba vipande vya nyimbo za wenzako. Hii ya tatu kwangu mimi ni chai.

Sasa kitu ambacho KandaMbili hatakipenda. Geuza santuri ileile ya "Acid Tracks". Upande wa pili kuna wimbo unaitwa "Your Only Friend". Anayeongea humo ni kokeini yenyewe, kwa sauti nzito ya kutisha, ikimweleza mtumiaji wake jinsi itakavyomwendesha. Ni onyo.

#6 Pilipili_Kichaa
Kwa hiyo santuri iliyolieneza neno asidi ina mahubiri dhidi ya dawa mgongoni? KandaMbili, bado upo au umeshaenda kumwomba shemeji radhi?

#7 KandaMbili
Nipo. Anayeonya kuhusu moto ni aliyeuona unawaka. Endeleeni.

#8 DJ_Kipaza
Nyongeza ndogo kuhusu Ron Hardy. Kwa simulizi ya DJ Pierre mwenyewe, Hardy alipoupiga wimbo ule mara ya kwanza watu walihama uwanjani. Akaupiga tena baadaye usiku uleule. Na tena. Mara ya nne watu wakapagawa. Sisi wapigaji hiyo hadithi tunaipenda mno, kwa sababu inasema sikio linafundishika. Kama watu walikuwa wamelewa, basi walikuwa wamelewa pia ile mara ya kwanza walipokimbia.

#9 Kobe_Mzee
Vijana mnaanzia 1987 kana kwamba dunia iliumbwa Chicago. Rudini nyuma.

Albert Hofmann aliitengeneza LSD mwaka 1938 kwenye maabara za kampuni ya dawa ya Sandoz, Basel, Uswisi, akaiweka kando. Aprili 1943 akairudia, ikamwingia mwilini kwa bahati mbaya, na siku tatu baadaye, tarehe 19, akanywa makusudi mikrogramu 250 na kurudi nyumbani kwa baiskeli huku barabara ikimpinda machoni. Hadi leo wapenzi wa mambo hayo wanaiadhimisha siku ile ya baiskeli.

Sasa nendeni California, Januari 1966. Mwandishi Ken Kesey na genge lake walikuwa wanafanya mikusanyiko ya asidi wakati LSD bado ni halali kule. Kwenye tamasha la Trips, San Francisco, alikuwepo mvumbuzi Don Buchla na mashine yake ya kutengeneza sauti kwa umeme, moja ya sintesaiza za mwanzo kabisa. Na Owsley Stanley, mpishi mkuu wa LSD ya mji ule, ndiye huyohuyo aliyekuwa fundi sauti wa bendi ya Grateful Dead. Mtu mmoja, mikono miwili, huku dawa, huku spika. Ndoa hii ilifungwa kabla DJ Pierre hajaota meno.

Na mwaka 2019 fundi mmoja alikuwa anasafisha Buchla ya zama hizo mali ya chuo kimoja cha California. Akakuta ukoko kwenye kifaa kimoja, akausugua kwa kidole. Dakika arobaini na kitu baadaye mambo yakaanza kubadilika, yakaendelea kama saa tisa. Ukoko ulipopimwa ukaonekana ni LSD.

#10 Pilipili_Kichaa
Sintesaiza inayompa mtu safari bila hata kuwashwa 😂 Fundi_Nyaya, kuanzia leo vaa glavu.

#11 nesi_wa_usiku
Samahani Kobe_Mzee, hiyo ya kidole naiwekea alama ya kuuliza. LSD haipiti kwenye ngozi nzima kirahisi kama watu wanavyosimulia. Labda alilamba kidole bila kujua, labda dawa ya kusafishia ilisaidia, labda hofu nayo ilifanya kazi yake.

#12 Kobe_Mzee
Binti yangu, Hofmann mwenyewe aliamini ilimwingia kupitia vidole. Ubishane naye.

#13 nesi_wa_usiku
Hofmann pia anaweza kuwa alijipangusa mdomo, baba. Wanasayansi nao hujikuna.

Lakini nina jambo kubwa kuliko la kidole. Mleta mada umeweka LSD na ekstasi kapu moja, na hizo ni dawa mbili zenye tabia tofauti. LSD, na psilosaibini ya kwenye uyoga, hushika kipokezi cha serotonini (kemikali ya ubongo) kinachoitwa 5-HT2A. Hapo ndipo maruweruwe yanapotokea: kuta zinapumua, sauti inaonekana kwa macho, dakika moja inakuwa ndefu kama ibada. Inaweza kudumu saa nane mpaka kumi na mbili. Ekstasi, ambayo ni MDMA ikiwa umebahatika kupata MDMA kweli, inaufanya ubongo umwage serotonini yake kwa wingi. Kinachotawala ni upendo kwa watu, kugusana, nguvu ya kusimama, na yanaisha ndani ya saa nne hadi sita. Wengi hawaihesabu kabisa kwenye kundi la saikedeliki.

Kwa hiyo ukisema "dawa ilizaa muziki" swali ni dawa ipi na muziki upi.

#14 Pilipili_Kichaa
Si ndiyo ekstasi iliyotengenezwa na Wajerumani iwe dawa ya kupunguza unene? Mtu anameza apungue, anaishia kukumbatia ukuta.

#15 Bi_Mkaguzi
Hapana. Huo uvumi umezeeka ila haufi. Kampuni ya Merck iliomba hataza mwaka 1912 ikiwa inatafuta dawa ya kuzuia damu kutoka, na MDMA ilikuwa ni kituo cha njiani tu kwenye hesabu za kemia. Hakuna aliyekuwa anafikiria unene. Ikalala makabatini hadi miaka ya 70, Alexander Shulgin wa California alipoitengeneza upya na kuwaonjesha watu, wakiwemo wataalamu wa tiba ya akili kama Leo Zeff. Marekani wakaipiga marufuku kwa dharura mwaka 1985. Uingereza ilishaikataza tangu 1977, miaka kumi kabla vijana wao hawajaijua vizuri.

#16 Mwanaharakati_wa_Sauti
Asante nesi kwa kuzitenganisha. Nitumie utenganisho wako kumzika mleta mada kwa heshima zote.

Dallas, Texas, mwaka 1984. Klabu inaitwa Starck. MDMA bado ni halali, inauzwa waziwazi, watu wanameza kama peremende. Kwa hoja ya KandaMbili, Dallas ingepaswa kuwa Makka ya muziki mpya. Ilizaa mtindo gani? Walicheza nyimbo za wimbi jipya na za pop zilizokuwepo sokoni, wakafurahi, basi.

Detroit sasa. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson wanapika tekno kutoka kwenye mashine na habari za viwanda na sayansi ya kubuni. Klabu yao ya Music Institute, iliyofunguliwa 1988, haikuuza hata pombe. Pale palikuwa na juisi.

Kidonge bila muziki, muziki bila kidonge. Tunaendelea kubishana nini?

#17 KandaMbili
Tunabishana Ibiza, kile kisiwa cha klabu cha Hispania. Mbona umeiruka Ibiza, ndugu?

#18 Mwanaharakati_wa_Sauti
Sijairuka, nilikuwa navuta pumzi.

Kiangazi cha 1987 vijana wa London akina Paul Oakenfold, Danny Rampling na Nicky Holloway walikwenda Ibiza. Kwenye klabu ya Amnesia, wakati huo ikiwa haina paa, DJ Alfredo kutoka Argentina alikuwa anapiga mchanganyiko wa ajabu: hausi ya Chicago, roki, rege, pop ya Ulaya, chochote chenye roho. Wakameza ekstasi, wakacheza mpaka jua likawakuta. Wakarudi London wakitaka usiku ule uendelee. Mwishoni mwa mwaka uleule Rampling akafungua Shoom ndani ya ukumbi wa mazoezi ya viungo, moshi umejaa mpaka huoni mkono wako. Kiangazi cha 1988 Uingereza nzima ikalipuka, wakakiita kiangazi cha pili cha upendo, wakikumbuka kile cha San Francisco mwaka 1967.

Nakupa nusu pointi. Kidonge kiliwafanya vijana wa Uingereza waisikie hausi kwa namna ambayo huenda wasingeisikia. Lakini hausi yenyewe ilishaundwa, ng'ambo ya bahari, na vijana weusi, wengi wao mashoga, waliokuwa wanatafuta mahali pa kucheza bila kusumbuliwa. Hao kwenye hadithi yako hawapo kabisa. Ukisema "dawa ilizaa" unawapora uzazi.

#19 Kobe_Mzee
Hapo umesema neno. Ila usisahau New York. David Mancuso alipofanya sherehe yake ya kwanza nyumbani kwake, Februari 14, 1970, mwaliko uliandikwa "Love Saves the Day". Someni herufi za mwanzo.

#20 Pilipili_Kichaa
L... S... D... Mzee wewe ni hatari.

#21 KandaMbili
ASANTE MZEE. Nilijua ningepata mtu. Ile nyumba ya Mancuso ndiyo bibi wa klabu zote hizi, si ndiyo? Kesi imekwisha.

#22 Kobe_Mzee
Usinishangilie sana mwanangu. Mancuso alijulikana zaidi kwa kusumbukia ubora wa spika kuliko kitu kingine chochote, na hakuuza pombe, kwa hiyo hakuhitaji leseni wala saa ya kufunga. Hiyo saa ya kufunga ndiyo jambo. Muziki mrefu unahitaji usiku mrefu.

#23 DJ_Kipaza
Naomba niseme kama mpigaji. Miaka kumi na tisa nyuma ya meza, sijawahi kumeza wala kulamba kitu. Si utakatifu, nina moyo unaorukaruka tangu utotoni na daktari alishanitisha.

Nachokiona ni hiki. Kuna sehemu kwenye wimbo ambapo ngoma inaondolewa, inabaki sauti moja inayopanda taratibu, filta inafunguka, mwangwi unarundikana, halafu besi inarudi kwa kishindo. Waliolewa wanapiga kelele. Wasiolewa wanapiga kelele. Mimi mwenye maji yangu ya chupa nywele zinanisimama. Huko si kulewa, ni kusubiri na kulipwa, na mtunzi mzuri anajua kukusubirisha.

Lakini nisiwe mnafiki, naona pia upande wa pili. Kuna nyimbo zimetungwa wazi kwa ajili ya mtu aliyelewa. Kisauti kinazunguka kutoka spika ya kushoto kwenda kulia bila sababu ya kimuziki, tabaka juu ya tabaka, kila baada ya sekunde kadhaa kitu kipya cha kushangaza. Mzima anachoka, aliye safarini anaona malaika. Mtunzi anamfahamu mteja wake.

#24 Fundi_Nyaya
Naongezea la DJ. Mwangwi, filta na ule mgeuko wa awamu unaofanya sauti ijipinde vilikuwepo studio za rege Jamaika na roki miaka ya 60 na 70. Sintesaiza ilichofanya ni kuviweka vyote mkononi mwa mtu mmoja, kwa wakati halisi. Na ile Buchla ya mzee, mnajua Buchla aligoma kuiwekea kinanda cha piano? Aliweka vibati vya kugusa, kwa sababu kinanda kingewarudisha watu kwenye nyimbo za zamani. Kwangu hicho kibati kina uzito kuliko ule ukoko.

Halafu kuna Charanjit Singh, mpigaji wa studio za filamu Mumbai. Mwaka 1982, miaka mitano kabla ya "Acid Tracks", alirekodi raga kumi (tuni za asili za Kihindi) juu ya mdundo wa disko kwa kutumia TB-303 hiyohiyo na mashine ya ngoma ya TR-808. Sikilizeni muone kama hamtaapa ni asidi hausi. Hakuna klabu wala kidonge, ni raga ya Kihindi tu ikikutana na mashine. Haikuuzika, ikasahaulika, ikaja kutolewa tena 2010.

#25 KandaMbili
Huyo Singh ndiye shemeji alinitumia! Nilidhani ni mtu wa juzi anajifanya wa zamani.

#26 Mzururaji
Salaam. Nimesoma wote, mmezunguka dunia ila Goa, kule India, hamjafika.

Nimehudhuria Boom kule Ureno mara mbili, tamasha la transi la kando ya ziwa lililoanza 1997. Siku kadhaa, vumbi mpaka kwenye meno, mdundo 145 kwa dakika, hausimami. Wazee wa pale ndio walionisimulia habari za Goa.

Mahipi walitua ufukwe wa Anjuna mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, Goa Gil kutoka San Francisco akiwa mmoja wao. LSD walikuwa nayo tele. Wakapiga nini? Roki na rege, magitaa, miaka nenda rudi. Mambo yaligeuka miaka ya 80 zilipoanza kuja kanda za muziki wa mashine kutoka Ulaya. Wapigaji wakawa wanakata sehemu za maneno na kuunganisha zile zisizo na mwimbaji, maana mtu aliye safarini saa tisa usiku hataki mwanamume wa Ubelgiji amfokee sikioni. Walitumia kaseti, baadaye kanda za dijitali za DAT, kwa sababu santuri zilipinda kwa joto. Kutoka kwenye ule ukataji ndipo ikatoka transi ya Goa, na vijana wa Israeli waliokuja kupumzika baada ya jeshi wakaibeba kwenda nayo kwao.

Kwa hiyo dawa ilikaa Goa zaidi ya miaka kumi na gitaa, ikangoja mashine. Mashine ilipofika, dawa ikaikata maneno. Sijui hiyo inamsaidia KandaMbili au inamzika.

#27 Mwanaharakati_wa_Sauti
Inamzika nusu, inamfufua nusu. Hiyo ya kukata maneno ni hoja nzuri kuliko zote kwenye uzi huu, nakiri. Hapo dawa haikutunga. Ilihariri.

#28 Bi_Mkaguzi
Boom siyo mdundo mmoja 145, Mzururaji, kuna majukwaa mengi na lingine ni la watu kulala chini tu. Mengine yote sawa.

#29 Mzururaji
Nililala pale pia dada, sikusikia mdundo wake 😅

#30 Msomaji_Kimya
Huwa sichangii, nasoma tu. Leo nachangia.

Mdogo wangu alipewa kikaratasi kwenye sherehe ya aina hii, akaambiwa ni LSD. Kilikuwa kichungu. Usiku ule ulikuwa mbaya, ila ulipita. Ambacho hakikupita ni macho. Mwaka wa tatu sasa, akitikisa mkono anauona unaacha mkia, ukuta mweupe unachemka kama televisheni isiyo na stesheni. Muziki wenyewe ameuacha, anasema ukianza tu tumbo linamkaza. Alikuwa anaupenda kuliko mimi. Mnapoandika "safari" na vicheko mkumbuke kuna ambao hawajashuka kwenye basi.

#31 nesi_wa_usiku
Pole sana Msomaji_Kimya. Hali hiyo ya macho inatambulika kitabibu, si wazimu wala uongo wake, na daktari wa akili au wa mfumo wa fahamu anayeijua anaweza kumsaidia. Asiongeze bangi wala kitu kingine, wengi huwazidishia.

Na huo uchungu wa kikaratasi unanipa wasiwasi. LSD haina ladha ya kuelezeka. Kuna kemikali za kundi la NBOMe ambazo zimeuzwa kama LSD, ni chungu, na zimeua watu. Kwenye vidonge vya ekstasi kuna PMMA, inachelewa kupanda, mtu anadhani kidonge hakifanyi kazi, anaongeza, joto la mwili linampeleka. Hata MDMA halisi inapandisha joto, na anayecheza kwenye ukumbi usio na hewa anajipika. Kinyume chake nacho ni hatari: mwaka 1995 Uingereza binti wa miaka 18 alikufa kwa maji, alikunywa lita nyingi kwa muda mfupi na MDMA ikauzuia mwili kuyatoa. Magazeti yaliandika kidonge tu.

Uholanzi tangu 1992 wanapima vidonge vya watu na kutoa tahadhari. Nchi nyingine bado zinabishana kama kupima ni kuhalalisha.

#32 Mwanaharakati_wa_Sauti
Hapo kwenye maji kuna uchumi. Wacheza hausi Uingereza waliacha bia. The Haçienda ya Manchester, iliyobebwa na fedha za bendi ya New Order, ilijaa mpaka mlangoni na bado ikala hasara, kwa sababu waliomeza hawakununua pombe. Kuna kumbi zilifunga mabomba vyooni ili watu wanunue maji ya chupa. Marekani nao, sheria ya 2003 ikawatisha waandaaji: ukiweka maji ya bure na chumba cha kupumzikia, unaweza kuambiwa ulijua watu wanatumia.

Na ile sheria ya Uingereza ya 1994! Mei 1992 maelfu walikusanyika Castlemorton kwa siku kadhaa bila kibali. Serikali ikajibu kwa sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku ya watu 100 na zaidi, ikaeleza muziki wenyewe kuwa ni sauti zenye mfululizo wa midundo inayojirudia. Bunge likakaa kufafanua du-du-du-du. Kundi la Autechre likatoa wimbo uliotungwa ili mdundo wake usijirudie, wakabandika tangazo kwamba DJ atakayeupiga awe na wakili na mtaalamu wa muziki pembeni.

#33 Pilipili_Kichaa
Afande, subiri, mtaalamu wangu wa muziki anahesabu 😂😂

#34 nesi_wa_usiku
Niseme la sayansi halafu niingie zamu. Mwaka 2017 Zurich, Katrin Preller na wenzake waliwapigia watu nyimbo wanazozipenda na nyimbo zisizo na maana yoyote kwao. Wakiwa na LSD, zile zisizo na maana zikapata maana. Wakitangulizwa dawa ya ketanserini, inayoziba kile kipokezi cha 5-HT2A, maana ikaondoka.

Kwa hiyo dawa inapaka maana kwenye chochote kilichopo. Na ndiyo maana hospitali za utafiti kama Johns Hopkins, wanapowapa watu psilosaibini, kwa miaka mingi wamepiga zaidi muziki wa klasiki, akina Bach na Brahms. Hakuna du-du-du. Watu wanalia na kumwona Mungu.

#35 KandaMbili
Subiri nesi. Kama inapaka maana kwenye chochote, basi ndicho nilichosema! Du-du-du haina kitu, dawa inakiweka.

#36 DJ_Kipaza
Na Bach je? Naye hana kitu?

#37 Kobe_Mzee
Mfaransa mmoja, Gilbert Rouget, alichunguza ngoma za kupagawa katika jamii nyingi. Akasema ngoma yenyewe haina nguvu ya kumpandisha mtu. Ingekuwa nayo, wote wanaoisikia wangepanda, hata wapita njia. Anayepanda ni aliyefundishwa na jamii yake kwamba ngoma hii ikilia, hapa ndipo pa kupanda. Mimi naiona hivyo kwa hawa wa London nao. Walifundishana.

#38 Mzururaji
Na mpita njia anayepanda bila kufundishwa? Nimemwona, alikuwa mwendesha lori wa choo pale Boom.

#39 Fundi_Nyaya
Lori la choo lina besi yake, usilidharau.

#40 DJ_Kipaza
KandaMbili, nikupe jaribio. Leo usiku, mkavu kabisa, spika nzuri siyo simu, weka "Acid Tracks". Mara nne, kama Ron Hardy.

#41 KandaMbili
Niko mara ya tatu. Shemeji amekaa mlangoni anacheka. Kichwa kinauma vilevile, ila mguu unatikisika wenyewe. Msiniandame, bado nasema walikuwa wamelewa.

#42 Bi_Mkaguzi
Unasikiliza lile la dakika kumi na kitu au lililokatwa? La kukatwa halihesabiki.

#43 KandaMbili
...lililokatwa.

#44 Pilipili_Kichaa
Anza upya.